Bendeji ya Mguu Mzima

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Baridi. Safari ndiyo kwanza imeanza na soksi zimeshalowa.

Naandika haya nimekalia gunia chini ya bati la kibanda cha mwisho, pale lami inapokwisha. Barabara ya juu imekatika. Daraja lilikwenda na maji mwezi uliopita, kwa hiyo kufika kwa wakwe zangu ni kwa miguu tu, siku tano, kijiji hadi kijiji, na huruhusiwi kupanda bila kiongozi. Ningeweza kungoja daraja litengenezwe. Siwezi! Jumamosi hii ukoo wa mke wangu unakaa kikao. Shemeji mkubwa alinipigia simu akaongea kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: nisipotokea nikasema la kusema, basi dada yake si mke wangu tena. Akakata kabla sijamuuliza hali.

La kusema nitalipata njiani. Muhimu ni kwamba nina bendeji.

Mpango wenyewe huu hapa. Mke wangu hawezi kuona kiumbe kimeumia. Kuku akichechemea uani, anaacha kazi yake na kumwambia pole. Kibaka aliyemwibia pochi sokoni alipokamatwa na kupigwa, mke wangu alimwambia pole, na pochi ilikuwa ya kwake! Basi mimi nitafika kwao nachechemea, bendeji mguu wa kushoto, tope mpaka kiunoni. Ataniona. Atasema pole. Akishasema pole hawezi tena kununa, kwa sababu moyo wake ukishalegea haurudi nyuma. Nimekaa naye miaka tisa, namjua.

Kiongozi wetu ni mama wa makamo, mwembamba, haongei bila sababu. Njia hizi amezipita miaka ishirini. Nimempa jina Mama Filimbi. Filimbi moja, tembea. Mbili, simama. Nikauliza, na tatu? Akasema ikilia tutajua wenyewe.

Wasafiri tuko wawili tu. Mwenzangu ni bwana mmoja mpole wa kuudhi, mabuti mapya, fimbo mbili za kutembelea, koti lisilopitisha maji. Mimi nina raba na mwavuli wa binti yangu wenye vipepeo. Mabuti ana sanduku kubwa lililozungushiwa nailoni, limefungwa juu ya punda. Nilimuuliza lina nini. Akasema vyuma. Mtu anayejibu kwa neno moja ana la kuficha.


Jumanne, 5 Novemba

Kupanda. Kupanda. Kupanda tena.

Kila ninayemuuliza kijiji kiko wapi anasema hapo tu. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni: hapo tu. Baada ya saa mbili, mzee anayekarabati ukuta wa mawe: hapo tu, hata hakuinua kichwa. Hapo tu ya watu wa huku ina milima mitatu ndani yake.

Mchana niliteleza nikamkanyaga Mama Filimbi kisigino. Nikamwambia pole. Mimi ni mtu mstaarabu. Akasimama kwenye mvua akaniuliza nani kakanyagwa. Nikasema yeye. Nani kakanyaga? Nikasema mimi. Akasema basi pole angeisema Mabuti, ambaye alikuwa anapita tu na hakumgusa mtu. Mimi nilitakiwa kusema nini? Nikafikiri. Nikasema, pole sana.

Akapuliza filimbi moja tukaendelea.

Wakati wa chai akataka kujua nimemfanya nini mke wangu. Nikamweleza kwa ufupi. Mke wangu ni fundi wa kushona. Alikuwa na cherehani yake barazani, ya marehemu mama yake, anashona sare za shule. Mimi nikapata wazo la vifaranga. Niliiuza cherehani akiwa kwenye msiba wa jirani, nikanunua mashine ya kutotolea. Nilitaka iwe jambo la kumfurahisha! Mashine ikashikwa na wazimu, joto likapanda, mayai mia na ishirini yakaiva. Hayakuanguliwa, yaliiva, tayari kwa chumvi. Kutokana na mazingira hayo nikamshauri aende kuyauza stendi. Siku hiyohiyo alifunga mabegi mawili, akamshika mtoto mkono, akaondoka.

Mama Filimbi akaniuliza nikifika nitasema nini. Nikasema kuna mpango. Akasema haihitaji mpango, ni neno moja tu. Neno gani? Akasema kila mtu analijua. Basi mimi nimekaa hapa na kalamu tangu chai ilipoisha na sijalipata. Nimeandika "mpenzi". Nimeandika "turudi". Nimeandika "cherehani" nikaifuta haraka.


Jumatano, 6 Novemba

Ukungu. Sikuona chochote siku nzima isipokuwa matako ya punda.

Nimeanza mazoezi ya kuchechemea. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi nilichechemea kushoto vizuri sana. Tulipovuka kijito nikasahau, nikatoka upande wa pili nachechemea kulia. Mabuti akaona. Akauliza kwa upole kama maumivu yamehama. Nikamwambia ni mishipa, inazunguka. Akanipa fimbo yake moja, akanipa na pole, na tangu hapo kila baada ya hatua kumi anageuka kuniangalia. Sipendi mtu wa namna hiyo.

Tumefika kijiji cha pili tunalala darasani. Madawati yamesukumwa ukutani, ubao bado una hesabu za watoto, bati linavuja sehemu tatu na sehemu mojawapo ni juu ya godoro langu. Mabuti alitoa kitana na kioo kidogo akachana nywele. Juu ya mlima! Anamchania nani? Halafu akamuuliza Mama Filimbi kwa sauti ya chini kama anaijua nyumba ya fulani. Fulani huyo ni shemeji yangu mkubwa.

Nimeelewa yote. Kikao hakijakaa na wameshatafuta mume mwingine. Mwenye koti lisilopitisha maji!

Nimekaa nautazama ubao. Nawaza nyumbani. Zamani nilikuwa nalalamika kwamba mlio wa cherehani unanizuia kufikiri. Sasa nyumba iko kimya wiki sita na sijafikiri kitu hata kimoja cha maana. Nimemkumbuka. Nasema kweli, nimemkumbuka.


Alhamisi, 7 Novemba

Mabuti alipokwenda kunawa mtoni nilifungua nailoni.

Cherehani. Nyeusi, ya mkono, mpya, imepakwa mafuta.

Nilikuwa bado nimelishika gurudumu lake Mabuti aliporudi na taulo shingoni. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Akakaa kwenye jiwe akanieleza taratibu. Yeye ni fundi wa cherehani, anauza na kutengeneza. Hii imeagizwa na kaka watu kwa ajili ya dada yao aliyerudi nyumbani, ili ashonee hukohuko asiwe na haja ya kushuka tena mjini. Akaongeza kwamba amesikia huyo dada ana mume mmoja wa ajabu sana. Nikamwambia nami nimesikia hivyo.

Kwa hiyo hana haja na mke wangu. Ni afadhali angekuwa nayo. Mwanamume unaweza kushindana naye. Nitashindana vipi na cherehani?

Tulitembea mgongoni mwa mlima mchana wote, bonde kushoto, bonde kulia, na yote mawili yamejaa ukungu. Punda mbele yangu amebeba kitu kitakachomfanya mke wangu asinihitaji tena, na kila akiteleza nilikuwa namwombea aanguke, halafu najirudi, halafu namwombea tena. Hakuanguka. Ni punda mwenye bidii.

Jioni, wazo! Nani anajua cherehani imetoka kwa nani? Anayeipokea ataona mtu kafika na cherehani. Mtu huyo naweza kuwa mimi. Mabuti anatembea polepole kwa sababu ya malengelenge (mabuti mapya hayo!). Nikitangulia na punda kwa nusu saa tu, mambo yameiva. Bendeji na cherehani kwa pamoja! Mpango haujawahi kukaa vizuri hivi.


Ijumaa, 8 Novemba

Nilifunga bendeji alfajiri, mguu wa kushoto, nadhifu kabisa. Nikaipaka tope.

Saa nne tukiwa kwenye mteremko wa mwisho filimbi ililia mara tatu. Kweli tulijua wenyewe. Mawe yalikuwa yanashuka. Mabuti akarukia mwambani, Mama Filimbi akamvuta punda, mimi nikafungua mwavuli. Sijui kwa nini. Jiwe halikunigusa ila nilirudi nyuma nikakanyaga shimo, mguu ukageuka, nikasikia kitu kikilia ndani. Mguu wa kulia.

Umevimba. Unauma kwelikweli. Mama Filimbi akataka kuufunga kwa bendeji ile niliyovaa kushoto. Nikakataa. Kufungua bendeji mbele yake ni kuonyesha mguu mzima. Akanitazama, akatazama bendeji, akamwambia punda maneno ambayo sikuyasikia.

Hata hivyo nilitangulia! Mabuti alikuwa na malengelenge, Mama Filimbi akabaki kumsaidia, mimi nilikuwa na sababu. Nikaingia uwanja wa wakwe nimeshika kamba ya punda, nikakanyaga sufuria iliyoanikwa, nikaiambia samahani. Binti yangu alitoka jikoni mbio. Ameng'oka jino la mbele. Hakuna aliyeniambia. Akaniuliza, "Baba, umeleta cherehani ya mama?"

Nikasema ndiyo.

Akapiga kelele akakimbia kumwita mama yake. Mke wangu akatoka anafuta mikono kwenye kanga. Amekonda kidogo. Akaligusa sanduku, akanitazama usoni, na uso wake ukalegea, nilikuona kulegea kule kwa macho yangu. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nikasema ni kweli.

Kisha akatazama miguu yangu. Nikapiga hatua mbili, nachechemea. Akafungua mdomo. Pole ilikuwa palepale, imeshafika kwenye meno! Akatazama tena. Bendeji kushoto, nachechemea kulia. Akafunga mdomo.

Akaingia ndani. Nimepewa chumba cha wageni chenye mitungi na baiskeli isiyo na tairi. Mguu unaniuma na sina wa kumlalamikia.


Jumamosi, 9 Novemba

Naandika kwa shida. Nitaandika yote.

Kikao kilikaa sebuleni. Viti vya plastiki, shemeji mkubwa katikati, shangazi yao kwenye kochi, mke wangu karibu na dirisha. Cherehani mezani, ameshaifuta vumbi. Binti yangu alishatangaza nyumba nzima kwamba baba kaileta. Hata shemeji, aliyedhani ile aliyoagiza yeye bado iko njiani, alinipa mkono, shingo upande lakini alinipa. Nikawaza: nimeshinda.

Mabuti akabisha hodi. Alilala nyumba ya pili, alikofikia Mama Filimbi, ili kutibu malengelenge. Akawasalimia watu wote, akatoa karatasi, akamwomba shemeji atie sahihi kwamba amepokea mzigo wake.

Binti yangu ndiye aliyetangulia kufungua mdomo. Akauliza, kwani si ya baba?

Mabuti akanitazama, akaelewa, na akainamisha macho kwa aibu, aibu ya kwangu aliichukua yeye. Halafu akafungua droo ya cherehani akagundua kasahau pakiti ya sindano kule darasani. Akamgeukia mke wangu akasema, nisamehe dada, kosa langu, nitazituma kwa Mama Filimbi. Hivihivi tu! Mke wangu akatabasamu. Akamwambia hapana neno kaka, iliyomo inatosha kuanzia. Kujipendekeza kwa watu wengine kunachefua.

Shemeji akaniambia nafasi ni yangu, niseme la kusema. Nikasimama kwa mguu mmoja. Kichwa kitupu. Nikawaza neno moja, neno moja, kila mtu analijua. Na likanijia! Lilikuwa mdomoni tangu Jumatatu. Nikamtazama mke wangu, nikasema kwa moyo wangu wote, "Poleni sana kwa yote yaliyotokea."

Shangazi akauliza nani kafa.

Mke wangu ndipo akaongea. Hakupaza sauti. Alisema pole ameshapewa za kutosha. Mtaa mzima ulimpa. Muuza mafuta ya taa alimpa. Hata yule bwana aliyeinunua cherehani ya mama yake, siku alipopita kuchukua kifuniko kilichosahaulika, alimwambia pole mama. Wote walimwambia pole kwa sababu walikuwa wapita njia. Akaniuliza, "Wewe siku ile ulikuwa nani?"

Niliona ni mtego. Nikajipa muda. Nikajibu, mwenye nyumba.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikaa hivyo, ananingoja, nadhani dakika nzima. Alikuwa ananitazama mdomo. Nikaona bado anataka kitu, nikamwonyesha mguu wa kulia, nikamwambia huu ndio wenyewe, huu ni wa kweli, gusa uone.

Akainuka akavuta kiti mpaka kwenye cherehani, akatunga uzi. Shemeji akasema kikao kimekwisha, wamesikia. Akanitakia safari njema, na mvua bado inanyesha huko nje.

Nimekaa chumba cha mitungi namsikiliza anashona. Mlio ni uleule. Anasimama, anaanza tena. Ukuta ni mwembamba, ningeweza kumwita. Nimelia kidogo. Sijui ni wapi nilipokosea.


Jumapili, 10 Novemba

Tumeanza kushuka. Mvua haijakoma.

Mke wangu hakutoka kuaga. Binti yangu alitoka, ameshika mwavuli wake wa vipepeo, uliovunjika vijiti viwili. Nilimwambia siku moja nitautengeneza. Akaniuliza mguu unaouma ni upi. Nikamwonyesha. Akachuchumaa, akaupuliza, akasema, "Pole, baba."

Basi pole niliipata! Mpango wenyewe hauna kasoro. Ni kwamba tu aliyeisema siye niliyemkusudia. Niligeuka kumtazama mpaka tulipopita zizi la mwisho.

Mabuti amebaki juu kumfundisha mke wangu kuifungua mashine na kuitia mafuta, atashuka na kundi lijalo. Alinipa fimbo zake zote mbili. Mkononi nazishika, moyoni simpendi.

Njiani nilichambua mambo. Kosa lilikuwa bendeji. Bendeji moja ni kitu kidogo, inaacha nafasi ya maswali, hasa swali la mguu upi. Nikirudi nitarudi na magongo. Mawili. Mtu wa magongo mawili haulizwi mguu upi! Na plasta ngumu, ile nyeupe, namfahamu jamaa wa zahanati. Nitaongeza na shingo. Mwezi wa pili daraja litakuwa limesimama, nitapelekwa mpaka mlangoni, nimelazwa nyuma ya pikapu. Hapo atasema pole hata kama ana moyo wa jiwe, na moyo wa jiwe hana.

Nilimweleza Mama Filimbi mpango wote. Nilikuwa naongea kwa mikono, sikuangalia chini, fimbo ikamchoma punda kwenye kwato. Akaruka, maskini, masikio yamelala nyuma. Nikamshika shingo hapohapo nikamwambia, nisamehe sana bwana, kosa ni langu, ni langu kabisa, wewe hukunifanyia chochote.

Filimbi ikalia mara mbili. Tukasimama. Mama Filimbi alikaa juu ya jiwe lililolowa, akanitazama, akamtazama punda, akatazama kule juu tulikotoka. Nyumba bado ilikuwa inaonekana. Akaniuliza kama nimekisikia nilichosema. Nikamwambia ndiyo, nimesema plasta mpaka shingoni.

Alikaa pale muda mrefu. Nadhani na yeye ameanza kuchoka na milima.